Kidudu cha maharage, rangi mbili kwenye jani moja: ni spishi moja au mbili?

Mchimba Visiki (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Nina shamba la chini huku Hai, Kilimanjaro, mahindi na maharage, si kihamba (shamba la migomba la nyumbani). Kifuku, yaani masika, kimeanza vizuri, maharage yameota yote, na siku ya tano baada ya mvua kubwa nikakuta majani yametobolewa kama chujio la chai. Matundu ni ya mviringo, yako katikati ya mishipa ya jani, mishipa yenyewe haijaguswa.

Leo saa moja asubuhi nimechuchumaa kwenye mstari mmoja hadi magoti yakafa ganzi. Nimewaona. Ni vidudu vya mviringo mrefu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, nikimpima kwa rula ya mwanangu ni milimita 6. Kuna wa rangi ya mawese mwili mzima, na kuna mwenye kichwa na kifua cha mawese lakini mabawa meusi tii. Ukisogeza kivuli chako tu, anajiachia chini kama punje na humpati tena.

Sasa kilichonileta hapa: nimekuta mweusi amempanda wa mawese. Wamepandana kabisa, jani moja. Je, hawa ni aina mbili au moja? Kwenye duka moja la pembejeo nimeambiwa ni bibi-kobe, yule mdudu wa madoa. Jirani anasema ni fukusi. Afisa ugani kwa simu kasema "hao ni mbawakavu tu, piga dawa". Picha tatu hizo chini, simu yangu si ya maana sana mnisamehe.

Siti ya Mbele

Naweka kambi hapa.

Pampu Mgongoni

Mkuu unapoteza muda. Mdudu anakula jani, wewe unamtafutia jina la ukoo? Chukua sumu ya kuua wadudu, changanya, piga jioni. Kesho ukiamka wamekauka.

Lenzi ya Mkono

Picha ya kwanza haina faida, umepiga mgongo tu na mwanga umerudi kwenye kamera. Ya tatu ndiyo yenye maneno. Kabla sijasema kitu, nifanyie haya. Mkamate mmoja wa kila rangi, tia kwenye chupa ndogo, weka kwenye friji dakika kumi (si kwenye barafu). Atapoa na kutulia. Mlaze juu ya karatasi ya mraba ya hisabati, kisha piga picha nne: mgongo, tumbo, uso kwa mbele, na mguu wa nyuma kwa karibu. Kama huna lenzi, geuza darubini ya kuangalia mbali utazame kwa nyuma, inakuza.

Usiangalie rangi. Narudia, rangi iache kwanza. Niambie mambo matatu: vipapasio vina umbo gani, unyayo una pingili ngapi, na paja la nyuma ni nene au la kawaida.

Mchimba Visiki

Nimefanya. Mke wangu ameuliza kwa nini kuna wadudu karibu na maziwa, lakini tumeelewana.

Vipapasio ni virefu, karibu nusu ya mwili, vyembamba mwanzo hadi mwisho kama uzi. Nimehesabu pingili 11, mara mbili. Vinaanzia katikati ya macho na vimekaribiana sana, kama pembe za mbuzi mdogo. Paja la nyuma ni la kawaida. Unyayo naona pingili nne, ya tatu imegawanyika kama kwato. Wa mawese na mweusi wote ni hivyo hivyo, sioni tofauti.

Lenzi ya Mkono

Sasa tunaongea. Twende taratibu.

Bibi-kobe ametoka. Vipapasio vyake ni vifupi na ncha imevimba kama rungu, na unyayo wake ukiutazama unaona pingili tatu. Wapo bibi-kobe wanaokula majani, wale wa kundi la *Epilachna*, lakini hao wana manyoya mafupi mgongoni na hawang'ai hivi, na hawatoboi tundu safi. Wanaparua nyama ya jani na kuacha wavu wa mishipa. Wako anatoboa.

Fukusi naye ametoka, maana fukusi wa mahindi ana pua ndefu kama ya tembo. Wako hana.

Pingili nne ulizoziona kwa kweli ni tano. Ile ya nne ni ndogo mno, imejificha kwenye kwato ya ya tatu. Wataalamu walihesabu nne miaka mingi kabla ya kuigundua, kwa hiyo usione aibu. Unyayo wa namna hiyo pamoja na vipapasio vya uzi vinatupeleka kwenye familia ya Chrysomelidae, mbawakavu wa majani. Ni ukoo mkubwa, spishi zilizokwisha kupewa majina zimepita 35,000.

Vipapasio kukaribiana katikati ya macho kunatushusha hadi nusufamilia ya Galerucinae. Wale wa Chrysomelinae, kama mbawakavu wa viazi wa Marekani mwenye mistari kumi, vipapasio vyao vimeachana, kimoja huku kingine kule. Na paja la kawaida linaondoa wale warukaji ambao watu wa bamia wanawajua: ukitaka kumshika anaruka kama kiroboto. Hao paja la nyuma limevimba kwa sababu ndani yake kuna kispringi kigumu kinachojikunja na kufyatuka. Samarendra Maulik alikieleza mwaka 1929, na hadi leo kinaitwa ogani ya Maulik.

Galerucinae, anang'aa, milimita 6, mviringo, kwenye maharage, kaskazini mwa Tanzania, mwanzo wa masika. Mimi naandika *Ootheca* na sioni haya. Jenasi hiyo, yaani kundi la spishi ndugu.

Pampu Mgongoni

Umezunguka Morogoro yote kumaliza na neno moja la Kigiriki. Na dawa ni ile ile.

Mama Ndengu

Habari zenu ndugu. Mimi niko upande wa Meru, Kenya, huku tunasema maharagwe. Hawa tunao, na huwa wanakuja na mvua ya kwanza, kabla mimea haijatoa jani la tatu. Nilikuwa nadhani wanaruka kutoka msituni. Mwenye lenzi, nimetafuta hilo jina *Ootheca* kwenye Google na nimeletewa picha za mayai ya mende wa jikoni! Umetupotosha ama?

Lenzi ya Mkono

Hahaha, Mama Ndengu hujapotoshwa. Neno hilo maana yake ni kifuko cha mayai, na wataalamu wa mende na vunjajungu wanalitumia kwa kile kifuko chenyewe. Halafu kuna jenasi ya mbawakavu iliyopewa jina hilo hilo tangu karne ya 19. Ongeza neno "maharage" au *bennigseni* kwenye utafutaji wako, mende watakaa pembeni.

Mchimba Visiki

Hapo kwenye *bennigseni* ndipo ninapotaka kusikia. Na swali langu la rangi halijajibiwa.

Mwanafunzi wa Mazimbu

Samahani wakubwa naingilia. Tulifundishwa kwamba kwa mazao ya jamii ya kunde Afrika zinatajwa zaidi *Ootheca mutabilis* na *Ootheca bennigseni*. Mutabilis ni Kilatini, maana yake anayebadilika-badilika. Kwa hiyo aliyempa jina alikwisha kuona shida ya mwanzisha uzi: wapo wa mawese, wapo wa kahawia, wapo weusi, na wote ni spishi moja. Basi hapa jibu si rahisi? Rangi mbili, mutabilis, tumemaliza.

Lenzi ya Mkono

Kijana umeanza vizuri ukateleza mwishoni. Kwamba mutabilis hubadilika rangi haina maana kwamba kila anayebadilika rangi ni mutabilis. Bennigseni naye ana mchanganyiko wa mawese na weusi. Maandishi ya kilimo yanamtaja mutabilis sana kwenye kunde za Afrika Magharibi, na huko amebeba hadi lawama ya kusambaza virusi vya mozaiki ya kunde, kwa mdomo tu, anakula mmea mgonjwa anahamia mzima. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Arusha anayetajwa kwenye maharage ni bennigseni. Kwa hiyo kama ningelazimishwa kuweka shilingi mezani, ningeiweka kwa bennigseni. Lakini kubahatisha kwa shilingi siyo kuainisha.

Niongeze kitu kuhusu majina maana mnayaandika ovyo. Utaona *Ootheca bennigseni* Weise, 1900, bila mabano. Maana yake Julius Weise alipomweleza mdudu huyu alimweka moja kwa moja kwenye *Ootheca* na hajahamishwa. Utaona *Ootheca mutabilis* (Sahlberg), na mabano. Maana yake Sahlberg alimpa jina akiwa kwenye jenasi nyingine, baadaye akahamishiwa hapa. Mfano wa wazi zaidi ni huyo wa viazi wa Marekani: Thomas Say alimwita *Doryphora decemlineata* mwaka 1824, leo ni *Leptinotarsa decemlineata* (Say, 1824). Mabano mawili tu, lakini yanakusimulia historia ya mdudu. Ukiyafuta kwenye ripoti umefuta historia.

Siti ya Mbele

Kumbe mabano yana kazi. Mimi nilidhani ni mbwembwe.

Mchimba Visiki

Sawa, lakini si nimewaona wamepandana? Mbuzi hapandi kondoo akapata mtoto. Hiyo si ushahidi tosha kuwa ni spishi moja?

Lenzi ya Mkono

Ni ushahidi, tosha hapana. Dume la mdudu likiwa na haraka linapanda hata kipande cha ganda. Kama ungeniambia umewaona jozi hamsini, mweusi na mweusi, mweusi na wa mawese, wa mawese na wa mawese, bila mpangilio, hapo ningesogeza kiti. Jozi moja ni hadithi nzuri tu.

Tena kuna mtego mwingine. Mbawakavu akitoka kwenye pupa (hatua ya mwisho kabla hajawa mkubwa) anakuwa laini na hafifu wa rangi, kisha anakolea polepole. Ukimkamata mapema utamwita spishi mpya na utachekwa.

Kinachoamua ni ndani. Unachukua dume, unatenganisha tumbo, unaliloweka kwenye maji ya potashi kali hadi nyama iyeyuke, kisha unatoa kiungo chake cha uzazi kwa sindano mbili chini ya hadubini. Ni kijibomba kigumu kilichopinda, na umbo la ncha yake hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale mgongo unapofanana kama mapacha. Kwa jike unaangalia kifuko cha kuhifadhia mbegu. Halafu unalinganisha na sampuli zilizokwisha kutambuliwa, na ikibidi na ile sampuli ya asili aliyoishika mwenye kutoa jina. Ndiyo maana makumbusho yanatunza vidudu vya miaka mia na zaidi vimechomwa pini. Wenye haraka siku hizi wanasoma kipande cha jeni kiitwacho COI, herufi kama 650 hivi, lakini nacho kinahitaji mtu aliyekwisha kuweka kipande sahihi kwenye maktaba cha kulinganishia.

Usijaribu potashi jikoni. Inakula ngozi.

Pampu Mgongoni

Nimevumilia. Nauliza swali moja tu na mnijibu kwa Kiswahili cha shambani: nikijua ni *Ootheca* na si bibi-kobe, napata gunia ngapi zaidi?

Mchimba Visiki

Hilo swali Pampu ni la haki, hata mimi nalitaka.

Lenzi ya Mkono

Ni la haki. Jibu liko chini ya ardhi.

*Epilachna* maisha yake yote unayaona juu ya jani: mayai chini ya jani, kiluwiluwi mwenye miiba juu ya jani, pupa kwenye jani. Ukipiga majani umempata. *Ootheca* si hivyo. Unayemwona ni mkubwa peke yake. Jike anataga mayai kwenye udongo karibu na shina. Viluwiluwi vinakula mizizi na vile vinundu vya naitrojeni. Vinageuka pupa humo humo ardhini, vinakuwa wakubwa, na hawatoki. Wanalala udongoni kiangazi kizima, kizazi kimoja kwa mwaka, wakisubiri mvua kubwa ya msimu ujao. Ndiyo maana Mama Ndengu anawaona siku chache baada ya mvua ya kwanza. Hawatoki msituni mama, wanatoka chini ya miguu yako.

Sasa Pampu, ukipiga sumu wiki ya nne, mayai yamekwisha kutagwa. Jani litapona, mmea utageuka njano mwezi unaofuata na utalaumu mbolea. Na ukipanda maharage pale pale kila mwaka, unawapelekea chakula mlangoni. Ukihamishia maharage shamba lingine na hapo kukaa mahindi matupu, wakitoka hawakuti kitu. Na ukilima mara tu baada ya kuvuna, badala ya kungoja mwezi wa pili, unawafukua waliolala na jua linawamaliza. Hiyo haiuzwi dukani.

Pampu Mgongoni

Hapo kwenye kulima mapema umenipata. Trekta la kijiji linakuja Februari lakini. Nitalima kwa jembe la ng'ombe.

Mama Ndengu

Mimi shamba ni moja, nusu eka. Nitahamishia wapi?

Lenzi ya Mkono

Kwa nusu eka hata ukivuta maharage upande wa pili bado wanatembea na kuruka. Kwako nguvu iwe kwenye kulima baada ya kuvuna, na kuchelewesha kidogo kupanda kama mvua inaruhusu, ili wanaotoka mapema wakute uwanja mtupu. Majirani wakifanya pamoja ndiyo inauma zaidi. Watu wa Kilimanjaro wengine hutumia maji ya utupa au ya mwarobaini kwenye majani machanga. Utupa uangalie, ndiyo sumu ile ile waliyokuwa wakilewesha nayo samaki, usioshee ndoo mtoni.

Mwanafunzi wa Mazimbu

Naomba kuuliza, mmea wa njano si unaweza kuwa inzi wa maharage?

Lenzi ya Mkono

Unaweza, na wengi wanachanganya. Ng'oa mmea usikate. Shina likiwa limevimba na kupasuka pale linapogusa udongo, na ukipasua unakuta pupa ndogo za kahawia, huyo ni inzi. Shina likiwa zima lakini mizizi imetafunwa, na kwenye udongo kuna buu jembamba jeupe, kichwa cha kahawia, miguu mifupi sita kifuani, huyo ndiye mtoto wa rafiki yetu. Buu nene lililojikunja kama herufi C ni la mbawakavu wengine kabisa.

Halafu mniruhusu kuchomekea. Yule anayetoboa maharage yako ghalani, ambaye jirani ya mwanzisha uzi angemwita fukusi, zamani alikuwa na familia yake, Bruchidae. Sasa amehamishiwa humu humu kwa mbawakavu wa majani, ni nusufamilia Bruchinae. Kwa hiyo jirani alikosea, lakini alikosea ndani ya ukoo. Shambani anakula ndugu mmoja, ghalani anakula mwingine.

Siti ya Mbele

Ukoo wa walafi.

Mchimba Visiki

Natunza vipi hawa nilionao ili siku moja mtu mwenye hadubini awaone? Nimewatia kwenye formalini niliyopewa na ndugu yangu wa maabara.

Lenzi ya Mkono

Watoe leo! Formalini inaharibu jeni na inakausha viungo hadi vinavunjika. Kamata wengine. Waue kwa kuwagandisha usiku mmoja, kisha tia kwenye spiriti kali kadiri unavyoipata, ile isiyo na rangi ya zambarau. Andika kibandiko kwa penseli, si kalamu, wino utaogelea. Weka kibandiko ndani ya chupa pamoja na mdudu: mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, mmea aliokuwa akila, aliyemkamata. Chupa isiyo na kibandiko ni supu.

Kwa Arusha kuna mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kituo cha utafiti cha Selian pale ni watu wa maharage. Mama Ndengu kwako kuna makumbusho ya taifa Nairobi na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Duduville Kasarani. Ukifika na chupa yenye kibandiko utapokelewa. Ukifika na picha ya mgongo utaambiwa nilichokuambia mimi.

Mchimba Visiki (baada ya miezi mitano)

Wakuu, nafufua uzi. Nilivuna Agosti, na safari hii sikungoja. Jana nimepiga jembe mistari miwili ya lile eneo baya. Bonge la tatu nimelipasua kwa mikono, na ndani kulikuwa na vijumba vidogo vya mviringo, kuta zake laini kama zimesiribwa. Kila kijumba kimoja na mdudu wake, amekunja miguu, hatikisiki. Nilidhani amekufa. Nimemweka kwenye kiganja juani, baada ya muda kipapasio kimoja kikacheza.

Bonge hilo hilo lilikuwa na sita. Wanne wa mawese, wawili wana mabawa meusi. Kuku walikuwa wamenifuata mtaroni na sijawafukuza.

Najua Lenzi atasema sita bado si hamsini.

Lenzi ya Mkono

Sita waliolala bonge moja nimesogeza kiti kidogo. Hifadhi wa rangi zote, madume uyapate. Kibandiko umeandikaje?

Mchimba Visiki

Kwa penseli: "Hai, Kilimanjaro. Udongoni, shamba la maharage, baada ya mavuno. *Ootheca* sp." Hapo penye "sp.", yaani spishi, nimeacha nafasi ya neno moja.